Rafiki Akiugua Saratani, Tumwendee na Neno Gani?

Mtu wa Mhunze akiambiwa na daktari kwamba uvimbe alio nao ni saratani, mara nyingi habari hufika nyumbani kabla yeye mwenyewe hajashuka garini. Usiku uo huo jamaa hugawanyika. Mmoja asema apelekwe Bugando bila kukawia. Wa pili asema amerogwa, atafutwe mpiga ramli. Wa tatu asema yuko mhubiri anayeponya kwa kuweka mikono, basi dawa za hospitali ziachwe. Naye rafiki wa mgonjwa, aliyechunga naye ng'ombe utotoni na kupokea naye Kipaimara siku moja, hajui aseme nini. Kwa kuwa hajui aseme nini, haendi. Siku zapita, juma lapita, mwezi wapita. Mgonjwa alala akitazama mlango.

Somo la leo twaliandika kwa ajili ya huyo rafiki asiyekwenda. Si mtu mbaya. Aogopa tu. Aogopa kusema neno lisilofaa, tena aogopa kuyaona mauti karibu. Lakini wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Bwana wetu Yesu Kristu, katika sura ya 25 ya Injili ya Mtakatifu Mathayo, ametujulisha kwamba siku ya mwisho tutaulizwa kama tulikwenda kumtazama alipokuwa mgonjwa. Hatutaulizwa kama tulikuwa wasemaji hodari. Basi tuyatazame Maandiko Matakatifu, tuone yanatufundisha nini.

1. Ugonjwa si hukumu, wala si uchawi

Neno la kwanza analolihitaji mgonjwa ni kuondolewa aibu. Wengi wakisikia saratani hujiuliza moyoni: Nimemkosea Mungu nini? Swali hilo ni la kale. Katika sura ya 9 ya Injili ya Mtakatifu Yohane, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana alikataa mambo yote mawili. Kadhalika katika Kitabu cha Yobu, rafiki zake watatu walijitahidi kumwonyesha kwamba mateso yake ni malipo ya uovu. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia hao watatu, akamhesabia haki Yobu aliyekuwa amelia na kulalamika. Atakayemwambia mwenye saratani atafute dhambi iliyomletea ugonjwa, na ajue amekaa upande wa wale watatu.

Saratani ni nini? Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo mno, nazo huzaliana kwa utaratibu. Pengine baadhi yake huasi utaratibu huo, huongezeka bila kipimo, hufanya uvimbe au kidonda, kisha husambaa mahali pengine mwilini. Sababu nyingine zajulikana. Saratani ya mlango wa kizazi, inayowasumbua sana akina mama wa Tanzania, huletwa na virusi vya papiloma. Ndiyo maana tangu mwaka 2018 wasichana nchini mwetu huchanjwa kuikinga. Tumbaku huleta saratani ya mapafu na ya koo. Jua kali huleta saratani ya ngozi, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino. Sababu nyingine bado hazijulikani. Lakini saratani haiambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala nyumba moja. Mgonjwa anayetengewa kikombe chake atiwa jeraha la pili, tena pasipo sababu yo yote.

Hapa hatuna budi kusema wazi jambo linalotuhusu sisi wa nchi ya Shinyanga na Geita. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu mpiga ramli aliwataja kuwa wachawi. Alama iliyowaponza wengi ilikuwa macho mekundu. Na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na wa mabua, waliopikia miaka yote wakiwalisha wajukuu. Tena ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya imani zizo hizo. Basi mtu anapougua ugonjwa mrefu usioeleweka, hatari haimkabili yeye peke yake. Iko nyumba ya pili kijijini ambamo bibi kizee aweza kutajwa jina usiku huo. Kwenda kwa mpiga ramli kwavunja Amri ya Kwanza ya Mungu. Nako mara nyingi kumefungua njia ya kuivunja ya Tano. Rafiki wa kweli hanyamazi jina linapotajwa. Asema mbele ya wote: Ugonjwa huu una jina lake hospitalini, wala si jina la jirani yetu.

2. Watu wanne na mkeka

Katika sura ya 2 ya Injili ya Mtakatifu Marko tunasoma habari za mtu aliyepooza, aliyeletwa kwa Yesu akichukuliwa na watu wanne. Mlango ulikuwa umejaa watu. Hawakurudi nyumbani, walipanda juu ya dari, wakaitoboa, wakamshusha pamoja na kitanda chake. Mwinjili asema kwamba Bwana aliitazama imani yao, ndipo aliposema na mgonjwa. Tuangalie vema: mgonjwa mwenyewe hatusikii neno lake hata moja. Labda alikuwa amechoka hata kusali. Wenzake waliamini kwa niaba yake, na imani yao ilionekana katika mikono yao.

Huu ndio mfano bora wa urafiki katika ugonjwa. Kwa mtu wa Mhunze dari hiyo ya kutoboa ni safari. Atapimwa kwanza katika hospitali iliyo karibu. Kisha pengine ataambiwa aende Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 150 kutoka Shinyanga mjini. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, na ambayo Maaskofu wetu huiendesha pamoja na Serikali, hutibu saratani kwa upasuaji, kwa dawa na kwa mionzi. Wengine hupelekwa mpaka Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo sheria ya mwaka 1996 iliifanya kuwa taasisi ya kujitegemea. Wala matibabu haya si ya siku moja. Mionzi mara nyingi hutolewa kidogo kidogo, siku hata siku, kwa majuma kadhaa. Dawa hutolewa kwa vipindi, na mgonjwa hurudi tena na tena. Wengi huanza, kisha huacha katikati. Nauli imekwisha, au hawana pa kulala mjini, au msimu wa kupalilia pamba umefika na watoto hawana mtu.

Basi wahitajiwa watu wanne. Mmoja ashughulikie nauli na posho. Akusanye kwa jamaa na kwa Jumuiya, aandike hesabu yake kwa uaminifu. Wa pili asafiri na mgonjwa, asikilize maneno ya daktari na kuyakumbuka, maana mtu mwenye hofu husikia nusu tu. Wa tatu alitazame shamba na ng'ombe. Wa nne awatazame watoto, wasikose kwenda shule na wasilale njaa. Nani kati ya hao hajui aseme nini? Palizi ya pamba ya mgonjwa ni maneno matamu kupita hotuba. Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Wagalatia, afundisha kwamba kuchukuliana mizigo ndiko kuitimiza sheria ya Kristu.

Tena rafiki awahi. Saratani nyingi zikigunduliwa mapema hutibika. Zikichelewa hushinda uwezo wa madaktari. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mama mwenye kivimbe katika titi, au anayetoka damu isiyo ya kawaida. Mtu ambaye chakula chamkwama kooni. Mwenye kidonda cha ngozi kisichopona: hao wahimizwe kwenda kupimwa sasa, kabla ya maumivu. Ajabu ya saratani ni kwamba mwanzoni mara nyingi haiumi.

3. Sala na dawa ni ndugu

Wako wahubiri wanaosema kwamba anayemeza dawa amekosa imani. Maneno hayo si ya Maandiko. Sura ya 38 ya Kitabu cha Yoshua bin Sira yatuamuru tumheshimu mganga wa dawa kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, tena yasema dawa hutoka ardhini kwa uwezo wa Mungu, na mwenye busara hazidharau. Sura iyo hiyo yamwagiza mgonjwa asali, aungame, kisha ampe tabibu nafasi yake. Hata mfalme Hezekia, alipougua akakaribia kufa, alilia mbele ya Mungu, naye Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Sala na dawa vilikwenda pamoja, na Mungu ndiye aliyeponya kwa vyote viwili.

Tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago huko Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya usiokuwa wa kawaida. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine wa namna iyo hiyo. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, alisafiri kwa gari maelfu ya maili, akapita hata Tanganyika yetu, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi watoto waugua hivyo na wapi hawaugui. Burkitt hakuwa wa Kanisa letu Katoliki, lakini alikuwa Mkristu mwenye kusali na kuyasoma Maandiko kila siku. Hakuona vita kati ya magoti yake na darubini. Leo saratani hiyo, ambayo twaiona katika nchi za kandokando ya Ziwa letu, ni mojawapo ya zile ambazo dawa huponya watoto wengi, iwapo wamefikishwa mapema. Tujiulize: mtoto anayenyimwa dawa kwa jina la imani, na anayepewa dawa hiyo pamoja na sala za wazazi wake, ni yupi aliyekabidhiwa kwa Mungu kweli?

4. Mafuta matakatifu si ya maiti

Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5 ya Waraka wake, aagiza kwamba mtu akiugua awaite makuhani wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hii ndiyo Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Zamani wengi waliiita Mpako wa Mwisho, na kwa jina hilo wakaiogopa: padre akionekana mlangoni na mafuta, jamaa huanza kulia. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba Sakramenti hii si ya wale tu wanaokata roho. Wakati wake umefika mara tu mwamini anapoanza kuwa katika hatari ya kufa kwa ugonjwa au uzee. Na Baba Mtakatifu Paulo wa 6 aliitengeneza ibada yake upya mwaka 1972.

Sisi mapadre twaitwa mara nyingi mno mgonjwa akiwa amekwisha poteza fahamu. Hawezi kuungama, hawezi kupokea Komunio, hawezi hata kuitikia. Huku si kumhurumia. Mwenye saratani apewe Sakramenti angali ana nguvu za kuifurahia: kabla ya upasuaji, kabla ya kuanza mionzi. Ugonjwa ukizidi, aweza kupakwa tena. Neema ya Sakramenti hii ni nguvu, amani na moyo wa ushujaa; huondoa dhambi, na pengine, Mungu akipenda, huurudishia mwili afya. Rafiki ndiye afaaye kulisema jambo hili bila kutisha: "Ndugu yangu, nimemwomba padre aje Alhamisi, usali naye kabla hujasafiri. Nami nitakuwapo." Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, inayoadhimishwa tangu mwaka 1993, ni nafasi njema kwa parokia nzima kuwaleta wagonjwa wao.

5. Maumivu yapunguzwe

Wako Wakristu wanaodhani kwamba kuomba dawa ya maumivu ni kuukimbia msalaba. Hasha! Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio wa 12, akijibu maswali ya madaktari, alifundisha kwamba ni halali kupunguza maumivu ya mgonjwa kwa dawa, hata ikiwa dawa hiyo huenda ikamfupishia maisha, mradi nia ni kutuliza maumivu na si kuua, na mgonjwa asizuiwe kutimiza wajibu zake za dini na za jamaa. Kumwua mgonjwa ili asiteseke ni dhambi kubwa. Kumtuliza maumivu ni huruma. Dawa ya mofini, ikitolewa kwa kipimo na madaktari, imewarudishia wagonjwa wengi usingizi, na pamoja na usingizi uwezo wa kusali. Rafiki aulize hospitalini kuhusu tiba shufaa, yaani ile inayomtunza mgonjwa na kumtuliza hata pale ambapo kuponya hakuwezekani. Mtu apigaye kelele usiku kucha hahitaji mahubiri juu ya subira. Ahitaji dawa, na mkono wa kushika.

6. Mungu asipoondoa kikombe

Sasa twafika penye ugumu. Tumesali, tumetibu, na uvimbe umerudi. Je, Mungu hakusikia?

Kanisa hutuonyesha Mtakatifu Peregrino Laziosi, mtawa wa Shirika la Watumishi wa Maria huko Forlì, Italia, aliyefariki mwaka 1345. Mguu wake ulioza kwa saratani, na tabibu aliazimia kuukata. Mapokeo yasimulia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo alisali mbele ya Msalaba, akasinzia, na asubuhi mguu ulionekana mzima. Yeye ni msimamizi wa wenye saratani, nasi twafanya vema kumwomba atuombee.

Lakini tumtazame na Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943 akiwa kijana, akawa mtu wa Misa ya kila siku hata alipokuwa Rais. Miaka yake ya mwisho aliugua saratani ya damu. Hakuuweka ugonjwa mbele ya kazi: mwaka 1998 na 1999 aliendelea kuwapatanisha Warundi pale Arusha. Kabla ya hapo alikuwa ametunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili, zikapigwa chapa mwaka 1996. Taifa zima lilimwombea, misikitini na makanisani. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya St Thomas, London. Jimbo la Musoma lilianzisha kesi ya kumtangaza Mwenyeheri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Hatuitangulii hukumu ya Kanisa. Twauliza tu: Je, sala za taifa zilipotea? Peregrino aliachiwa mguu wake, Mwalimu hakuachiwa uhai wake. Mungu ni yule yule, na kipimo cha upendo wake hakikuwa kupona kwa mmoja na kufa kwa mwingine. Peregrino naye alikufa baadaye.

Jibu letu liko Gethsemani. Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke. Alitoka jasho, aliogopa, aliwataka rafiki zake wakeshe naye saa moja tu, nao wakalala. Kikombe hakikuondolewa. Mtakatifu Luka asema malaika alitokea akamtia nguvu. Basi mgonjwa anayelia kwamba Mungu amemwacha hakufuru. Asali pamoja na Kristu, ambaye juu ya Msalaba aliyachukua maneno ya kilio ya Zaburi ya 22. Na maumivu yake, akipenda kuyaunganisha na mateso ya Bwana, hayapotei. Mtume Paulo, katika sura ya 1 ya Waraka kwa Wakolosai, athubutu kusema kwamba mateso yake mwenyewe ni kwa faida ya Mwili wa Kristu, ndio Kanisa. Neno hili ni zito. Rafiki asilitupe juu ya kitanda kama jiwe. Alingoje mpaka mgonjwa aulize, kisha aliseme kwa sauti ndogo.

7. Ya kusema na ya kuacha

Usimwambie mgonjwa kwamba atapona kesho; hujui. Usimsimulie waliokufa kwa ugonjwa kama wake. Usimdanganye anapokuuliza ukweli ambao daktari amekwisha kuueleza. Mtu ana haki ya kujua saa yake, apate kupatana na aliyekosana naye, alipe deni, aandike wosia ili mjane na watoto wasinyang'anywe shamba, na aungame. Usimlazimishe kuongea. Rafiki za Yobu walikaa naye chini siku saba wakinyamaza, na siku hizo saba ndizo walizokuwa rafiki wema. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Mwambie: "Nipo. Nitakuja tena Jumamosi." Kisha uje Jumamosi. Msomee kidogo, si sura nzima: Zaburi ya 23, au ya 130, mwanzo wa sura ya 14 ya Yohane, mwisho wa sura ya 8 ya Waraka kwa Waroma. Salini fungu moja la Rozari, na akichoka malizia wewe. Mpe naye nafasi ya kukupa kitu: mwombe akuombee mtoto wako, mwulize shauri juu ya ng'ombe au mbegu. Ugonjwa humnyang'anya mtu mengi. Usimnyang'anye na heshima ya kuwa rafiki yako.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani na katika Jumuiya

Ni nani katika kijiji chetu aliye mgonjwa kwa muda mrefu, na ni lini tulikwenda kwake mara ya mwisho? Kati ya wale watu wanne wa Injili, kazi ya nani naweza kuifanya juma hili? Jirani akitajwa kuwa mchawi, nitasimama wapi? Katika nyumba yetu, yuko mtu anayeficha dalili kwa hofu?

Sala

Ee Yesu, uliyelia kaburini kwa rafiki yako Lazaro, uwatazame wote wanaougua saratani. Wape madaktari maarifa, wape wauguzi upole. Utupe sisi miguu ya kwenda, mikono ya kubeba, na ulimi unaojua kunyamaza. Na saa ya kufa ikifika, usituache tulale usingizi wenzetu wakikesha. Maria, uliyesimama chini ya Msalaba, utuombee. Amina.